Kauri na meno ya bandia, kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza: dalili za tafsiri mbovu na vyanzo vyake

Mwongozo huu ni wa mfasiri aliyemaliza rasimu, au aliyepewa rasimu ya mwenzake au ya mashine aihariri, na kuna mahali panamsumbua bila kujua kasoro iko wapi. Matini chanzi ni ya Kijerumani: huenda ni maelekezo ya unga wa kauri wa kujengea taji la jino, orodha ya mnada wa vyombo vya Meissen, kiwanda cha porseleni cha Ujerumani, au ripoti ya maabara kuhusu zirkonia, kauri ngumu ya kutengenezea mataji ya meno. Kila mara naanza na dalili, kwa kuwa dalili ndiyo inayoonekana kwenye ukurasa. Chanzo sharti kitafutwe.

Kabla ya yote, jibu swali moja: maandishi haya yametoka karakana gani? Kijerumani humpa mtengeneza vyombo na fundi wa meno bandia maneno yaleyale, lakini Kiingereza kimewatenganisha. "Brennofen" ya kiwanda cha sahani ni "kiln". "Brennofen" iliyo juu ya meza ya maabara ya meno ni "furnace". Ukiandika "kiln" katika maelekezo ya taji la jino, fundi ataelewa, ila atajua papo hapo kwamba mwandishi si mtu wa kazi hiyo, na tangu hapo atakutilia shaka hata ulipopatia. Sehemu kubwa ya makosa yanayofuata huzaliwa na mfasiri kuliruka swali hili.

## Tafsiri inataja vigae, na hakuna kilichovunjika

Ukikuta "the shard is white and dense", rudi kwenye Kijerumani utazame jinsia ya nomino. "Die Scherbe", ya kike, ni kigae, kipande cha chombo kilichovunjika. "Der Scherben", ya kiume, ni mwili wa chombo chenyewe: ile kauri iliyokwisha kuchomwa, iliyo chini ya glezi, yaani tabaka la juu linalong'aa kama kioo. Kiingereza chake ni "body", na sentensi sahihi ni "the body is white and dense".

Mtego uko kwenye wingi. Wingi wa "Scherbe" nao ni "Scherben", na katika uhusika wa umilikishi wingi huo hutanguliwa na "der". Kwa hiyo "die Farbe der Scherben" ni rangi ya vigae, na katika ripoti ya akiolojia utaandika "sherds". "Die Farbe des Scherbens" ni rangi ya mwili wa kauri. Herufi mbili tatu zinageuza kabisa kinachoelezwa, na mashine hutereza hapo kwa sababu maana ya kigae ndiyo iliyozoeleka katika lugha ya kila siku.

Ukishaandika "body", shida nyingine inajitokeza. Kijerumani kina neno la kabla ya moto, "Masse", na neno la baada ya moto, "Scherben". Kiingereza cha kiwandani huyaita yote mawili "body". Sentensi ikiyataja yote, kwa mfano ikilinganisha rangi ya "Masse" na rangi ya "Scherben", andika "unfired body" na "fired body", vinginevyo msomaji ataona kitu kimoja kikilinganishwa na chenyewe.

## "Mass" imejaa ukurasa mzima

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote katika matini za meno. "Cutting mass", "shoulder mass", "neck mass", "embedding mass": kila sehemu ya neno ambatani imefasiriwa kivyake, kisha zikaunganishwa.

Katika maabara ya meno, "Masse" ni unga wa kauri ambao fundi anauchanganya na kimiminika, kisha anaupaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka. Kiingereza huuita "porcelain", "powder" au "ceramic", kufuatana na mtengenezaji. "Dentinmasse" ni "dentine porcelain". "Schneidemasse" haihusiani na kukata. "Schneide" hapo ni ukingo wa jino la mbele, kwa hiyo ni "incisal porcelain". "Halsmasse" ni "cervical porcelain", na "Schultermasse" ni "shoulder porcelain" au "margin porcelain".

"Einbettmasse" iko mbali na hizo. Ni ule unga unaochanganywa na kumwagwa kuzunguka umbo la nta ili ipatikane kalibu ya kumiminia metali au ya kukandamizia kauri. Kiingereza chake ni "investment" au "investment material", na kitenzi "einbetten" ni "to invest". Anayeuona msamiati huu kwa mara ya kwanza huogopa kuuandika kwa sababu unanukia benki. Andika tu, ndivyo mafundi wanavyosema. "Abformmasse" nayo ni "impression material".

Kuna "Masse" ya tano ambayo si unga wala udongo. Uswisi na Liechtenstein hazitumii herufi ß, na Liechtenstein ndiko kwenye makao ya Ivoclar, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa kauri za meno. Kwa hiyo "Maße", yaani vipimo, huandikwa "Masse" katika matini za huko. Hali ni hiyohiyo katika vichwa vya jedwali vilivyopigwa kwa herufi kubwa: "MASSE" inaweza kuwa "dimensions". Milimita zikifuata, jibu unalo.

## Aina ya chombo imebadilika njiani

"Steingut" si "stoneware". Maneno yanafanana kwa sura, na kosa hili limeingia hata katika orodha za minada, ambako linagusa fedha za watu. "Steinzeug" ndiyo "stoneware": kauri iliyochomwa mpaka mwili wake ukakaza na kuacha kupitisha maji hata bila glezi. "Steingut" ina mwili mweupe au wa maziwa unaobaki na vinyweleo, hivyo hutegemea glezi kuzuia maji. Kiingereza chake ni "earthenware", na ni vizuri kuongeza "white" au "fine" mbele ili isichanganywe na "Irdenware", vyombo vya udongo wa rangi vya moto mdogo.

Porseleni nayo ina mafundo yake. "Hartporzellan" katika maandishi ya historia na ukusanyaji ni "hard-paste porcelain". Katika maandishi ya uhandisi "hard porcelain" inatosha. Fomula yake ya kawaida ni kama nusu kaolini, robo feldispa na robo kwatsi, na huchomwa karibu na nyuzi 1400. "Knochenporzellan" ni "bone china", kamwe si "bone porcelain". "Weichporzellan" inahitaji tahadhari: kwa mwanahistoria ni "soft-paste porcelain", ile ya Ufaransa ya kabla kaolini haijaanza kutumika huko, lakini mhandisi wa Kijerumani anaweza kuitumia kwa porseleni yoyote inayochomwa kwa moto mdogo kuliko "Hartporzellan", ikiwemo "Knochenporzellan". Angalia mwaka wa chombo kinachozungumziwa kabla ya kuchagua.

Kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710, na kwa muda mrefu Waingereza waliziita bidhaa zake "Dresden china", kwa jina la mji mkuu wa Saksonia ulio jirani. Mteja akikupa tafsiri ya zamani yenye "Dresden" uifuate, mweleze kwamba leo jina ni "Meissen", na kwamba palikuwa na karakana nyingine zilizopamba porseleni mjini Dresden kwenyewe. Mnunuzi makini wa leo atadhani ni vitu viwili tofauti, na ana haki.

## Moto umechanganyika

"Brand" ni uchomaji, "firing". Tatizo linaanza neno linapobeba kiambishi.

"Schrühbrand" na "Glühbrand" ni uchomaji wa kwanza, kabla ya glezi: "biscuit firing" kwa Mwingereza, "bisque firing" kwa Mmarekani. "Glattbrand" ni uchomaji wa glezi, "glost firing". Ukiona "smooth firing" katika rasimu, mtu amefasiri "glatt" peke yake. Mpaka hapo ni suala la kukariri. Ugumu halisi uko kwenye joto. Porseleni ngumu ya Kijerumani huchomwa mara ya kwanza kwa nyuzi 900 hadi 1000 hivi, kisha glezi kwa karibu 1400. "Bone china" ya Kiingereza inakwenda kinyume: uchomaji wa kwanza ndio mkali, karibu 1250, na wa glezi uko chini ya hapo. Kwa hiyo msomaji aliyelelewa katika mila ya Kiingereza akisoma "biscuit firing" anaweza kudhani mwili wa chombo umeshakaza, ilhali katika matini ya Kijerumani bado ni laini na unanyonya maji. Neno ni sahihi na bado linapotosha. Dawa ni kutouacha mchakato bila joto lake: kama matini chanzi inataja nyuzi, zibakize jirani na jina la uchomaji, hata kama sentensi itarefuka.

Katika maabara ya meno orodha ni nyingine: "Washbrand", "Opakerbrand", "Dentinbrand", "Korrekturbrand", "Glanzbrand". Hizi ni "wash firing", "opaque firing", "dentine firing", "correction firing" na "glaze firing". "Rohbrandeinprobe" ni pale daktari anapolijaribu taji mdomoni mwa mgonjwa kabla halijapewa mng'ao wa mwisho, na Kiingereza chake ni "bisque try-in". "Raw fire fitting", ambayo mashine inaweza kukuletea, haimwambii fundi chochote.

"Muffel" ni kipimo kizuri cha lile swali la karakana. Kwa mpambaji wa vyombo ni chumba cha tanuri kinachozuia miali isiguse chombo: "muffle". Kwa fundi wa meno ni kile kipande cha "Einbettmasse" kilichokwisha kuganda, chenye kalibu ndani: "investment ring" au "mould". Sentensi inayosema "die Muffel in den Vorwärmofen stellen" haiagizi mtu kuingiza tanuri ndani ya tanuri.

Ukikutana na "SK" ikifuatwa na namba, ni "Segerkegel", koni za kupimia moto alizozibuni Hermann Seger huko Berlin. Andika "Seger cone" na namba yake. Usiandike "cone" peke yake kwa msomaji wa Marekani, kwa kuwa yeye atafikiria koni za Orton, na namba za mifumo hiyo miwili hazilingani.

## Namba zimefika salama, maana yake haikufika

Hapa naomba mhariri asome kwa kalamu mkononi, namba moja baada ya nyingine.

Kijerumani hutumia mkato mahali pa nukta ya desimali, na nukta mahali pa mkato wa maelfu. "1.400 °C" ni nyuzi elfu moja na mia nne. "13,8" ni "13.8". Kila mfasiri anajua, na bado kosa linapita, hasa kwenye majedwali yaliyonakiliwa jinsi yalivyo na kwenye michoro ambayo programu ya tafsiri haikuifungua.

Namba inayodhuru zaidi ikikosewa ni "WAK". Ni kifupi cha "Wärmeausdehnungskoeffizient", kiasi ambacho kitu hutanuka kwa kila nyuzi ya joto. Kiingereza chake ni "coefficient of thermal expansion", kwa kifupi "CTE". Chukua "WAK (25–500 °C): 13,8 · 10⁻⁶ K⁻¹". Vitu vitatu lazima vivuke pamoja: namba, kipeo hasi cha sita, na masafa ya joto. Hayo masafa wahariri huyafuta wakidhani ni maelezo ya ziada. Sivyo. Kipimo kilichochukuliwa kati ya nyuzi 25 na 500 hakilinganishwi moja kwa moja na kilichochukuliwa mpaka 600.

Fundi anahangaikia namba hiyo kwa sababu kauri inayopakwa juu ya metali inatakiwa itanuke pungufu kidogo kuliko metali yenyewe. Vikipoa, metali hujikunja zaidi na kuibana kauri, na kauri huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Kauri ikiwa na "WAK" kubwa kuliko ya metali, huvutwa inapopoa na kupasuka. Zirkonia, yenye "WAK" karibu na 10.5, inahitaji unga wake wenye "WAK" ya chini zaidi. Unga wa kupaka juu ya metali ukiwekwa hapo, taji halisalimiki. Safu mbili za jedwali zikibadilishana nafasi katika tafsiri, matokeo ni nyufa.

Nyufa zenyewe zina majina kufuatana na karakana. "Haarrisse" kwenye glezi ya chombo ni "crazing", na chanzo chake ni glezi kujikunja kuliko mwili. Glezi ikijikunja kidogo mno, hubanduka kingoni, na hiyo ni "shivering" au "peeling". Kwenye taji la jino, "Haarriss" ni "hairline crack", na "Abplatzung" ya kauri ni "chipping".

Halafu kuna namba za meno. Mjerumani hutumia mfumo wa FDI, shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno: "Zahn 11" ni jino la mbele kabisa, juu kulia kwa mgonjwa. Marekani hutumia mfumo mwingine, ambamo jino hilo ni namba 8, na namba 11 ni chonge la juu kushoto. Agizo la "Krone 11" likienda kwa msomaji wa Marekani kama "crown 11", unaweza kutengeneza taji la jino lingine. Usibadilishe namba kimyakimya. Andika "FDI tooth 11", kisha umuulize mteja kama anataka na namba ya Kimarekani.

## Ripoti inajipinga: ngumu, lakini dhaifu

Pengine hakuna kupingana, ila "Härte", "Festigkeit" na "Zähigkeit" zimemwagwa chungu kimoja. "Härte" ni "hardness", "Festigkeit" ni "strength", na "Risszähigkeit" ni "fracture toughness". "Biegefestigkeit" ni "flexural strength"; ndilo neno la ISO 6872, kiwango cha kauri za meno, ambacho kipo pia kwa Kijerumani kama DIN EN ISO 6872. Ukiwa na shaka, tazama kizio. MPa (megapaskali) ni "strength". MPa ikizidishwa na kipeuo cha pili cha mita (MPa·√m) ni "toughness". HV (kipimo cha Vickers) ni "hardness". Kizio hakidanganyi hata mwandishi wa Kijerumani mwenyewe alipoteleza.

## Zirkon ipi?

Mafundi wa Ujerumani husema "Zirkon" kwa kufupisha "Zirkonoxid". Katika matini ya meno, "Zirkonkrone" ni "zirconia crown". "Zircon" ya Kiingereza ni madini mengine, silikati ya zirkoniamu, na hakuna taji linalochongwa kwayo. Lakini usiweke badiliko hili katika programu lipite kila mahali: katika fomula ya glezi za vyombo au vigae, "Zirkon" inaweza kuwa "zircon" kwelikweli, kwa sababu madini hayo husagwa na kutiwa ili glezi iwe nyeupe na isipenyeze mwanga. Na "Zirkonium" pekee ni metali.

Zirkonia ya meno huchongwa ikiwa bado laini, kubwa kuliko jino lenyewe, kwani ikichomwa hupungua karibu asilimia 20 kwa kila upande. Kipande hicho kilichochomwa nusu huitwa "Weißling", Kiingereza "presintered blank". Ambacho hakijaona moto ni "Grünling", "green body". Kamusi ya kawaida itakupa kipepeo na ndege.

## Kemia imegeuka kuwa mandhari

"River acid" ni "Flusssäure", na jina lake ni "hydrofluoric acid". Hili halina mjadala, kwa sababu ni asidi inayopenya ngozi na kuua. Onyo lake lazima lieleweke mara moja. Ukiitafuta kwenye matini za kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1996, andika "Flußsäure", la sivyo hutaipata.

"Tonerde" ni "alumina", si udongo. "Kieselsäure" katika uchambuzi wa zamani wa udongo na glezi ni "silica", ingawa neno lenyewe limebeba asidi. Na "mit Aluminiumoxid abstrahlen" haina mionzi yoyote: ni kupuliza chembe kwa hewa ya kandamizo, "sandblast" au, kwa lugha ya makala za kitaalamu, "airborne-particle abrasion".

## Majengo ndani ya mdomo

"Scaffold" ni "Gerüst", ile sehemu ya ndani inayobeba kauri. Kwa daraja la meno andika "framework". Kwa taji moja "coping". "Verblendung" ni tabaka la kauri juu yake, na kauri yenyewe ni "veneering ceramic". Neno "veneer" peke yake liache kwa lile ganda jembamba linalogundishwa mbele ya jino, ambalo Wajerumani huliita "Veneer" au "Verblendschale". "Hohlkehle" ni "chamfer". "Farbring" ni "shade guide". "Transpa" ni "translucent", kwa maana kauri hiyo hupitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma.

"Stumpf" inataka uangalifu. Kwenye modeli ya plasta ni "die". Mdomoni ni "prepared tooth". Lakini "Stumpffarbe", rangi ya jino lililochongwa, mafundi wanaosema Kiingereza huiita "stump shade", kwa hiyo usiisahihishe.

## Ukikwama

Watengenezaji wengi hutoa maelekezo yaleyale kwa Kijerumani na Kiingereza, na kuyaweka bega kwa bega husaidia. Yasome kwa jicho kali, kwani baadhi ya Kiingereza hicho kiliandikwa na mtu anayefikiri kwa Kijerumani, na "mass" utaikuta humo pia. Neno ukilikuta kwa mtengenezaji mmoja tu, litafute katika makala za wataalamu wa nchi zinazosema Kiingereza kabla ya kuliamini.

Isipopatikana, muulize mteja, na umuulize kwa namna ambayo anaweza kujibu. "Muffel maana yake nini?" itakurudishia "muffle". Muulize badala yake: kitu hiki kimetengenezwa na nini, kinaingia tanurini au ndiyo tanuri yenyewe, na fundi anakishika kabla au baada ya moto? Akiwa na picha, omba picha.